Hati, Jembe na Haki ya Ardhi

Miongoni mwa maswali ambayo binadamu amejiuliza tangu alipoanza kulima, hili ni kubwa: ni kitu gani kinachompa mtu haki ya kusema, "Ardhi hii ni yangu," na wenzake wakakubali kwamba asema kweli? Je, ni hati iliyotiwa sahihi na mtawala? Ni fedha aliyoitoa? Au ni jasho lililomtoka alipofyeka mwitu na kupanda mbegu? Wengi wetu hujibu upesi kwamba ni jasho, kwa kuwa jibu hilo humtetea mnyonge. Lakini jibu hilo halina budi kupimwa, na kipimo chake kizuri ni ugomvi mmoja uliodumu karibu miaka tisini huko Amerika ya Kaskazini, kabla Marekani haijawa dola.

Mwezi wa Machi 1664 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alimpa mdogo wake, James, eneo kubwa la Amerika ambalo bado lilikuwa mikononi mwa Waholanzi. Kabla hata merikebu za Kiingereza hazijawaondoa Waholanzi hao, James alikuwa amekwisha kuwakatia rafiki zake wawili, John Berkeley na George Carteret, nchi yote iliyo kati ya mto Hudson na mto Delaware. Ndiyo iliyoitwa New Jersey. Wakati huohuo Richard Nicolls, aliyetumwa na James kuitwaa na kuitawala nchi, hakuwa na habari kwamba bwana wake ameigawa. Akawaruhusu walowezi wanunue ardhi kwa wenyeji, yaani Walenape, kisha akawapa hati. Hivyo ndivyo ulivyoanza mji wa Elizabethtown mwishoni mwa 1664, na mwaka uliofuata makazi ya Monmouth. Basi ardhi moja ikawa na hati mbili, na zote mbili asili yake ni mamlaka ya mtu mmoja.

Mwaka 1670 mabwana wa ardhi walianza kudai kodi ya kila mwaka kwa kila ekari. Kodi yenyewe ilikuwa ndogo, nusu peni au peni moja, lakini walowezi wengi waliikataa. Hawakukataa kwa sababu ya uzito wake, bali kwa sababu kuilipa ni kukiri kwamba wao ni wapangaji katika mashamba waliyoyanunua na kuyafyeka kwa mikono yao. Mwaka 1672 waliasi, wakaikataa serikali ya gavana wa mabwana hao. James akaamua kwamba hati za Nicolls si kitu. Miaka ikapita, mabwana wakauza sehemu zao kwa mabwana wengine, na mwaka 1702 warithi wao wakaurudisha utawala wa nchi kwa Malkia Anne. Lakini ardhi hawakuiachia. Septemba 1745, mlowezi mmoja, Samuel Baldwin, alifungwa katika gereza la Newark kwa kukata miti katika ardhi ambayo mabwana walisema ni yao. Watu wakakusanyika na marungu, wakalivunja gereza na kumtoa. Ghasia za namna hiyo ziliendelea kwa miaka kadhaa. Na kesi kubwa ambayo mabwana waliifungua mwaka huohuo dhidi ya watu wa Elizabethtown haikupata hukumu kamwe.

Mtu mwadilifu husikiliza pande zote mbili. Mabwana walisema kwamba pasipo chimbuko moja la hati nchi haitakalika, maana ardhi ileile iliweza kununuliwa mara mbili kwa wenyeji mbalimbali, na jirani akamnyang'anya jirani. Hoja hiyo si ya kubezwa. Walowezi nao walijibu kwa hoja tatu: tuliinunua kwa wenyeji ambao Mungu aliwaweka humu, tumeikaa kwa muda mrefu, na tumeilima. Mfalme aliyeigawa hakupata kuiona, wala mabwana waliopewa hawakung'oa hata kisiki kimoja.

Hoja ya jasho ilikuwa imekwisha kupewa heshima na mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika kitabu kilichotoka mwaka 1689. Alifundisha kwamba dunia ni ya watu wote, lakini mtu anapoitia kazi yake sehemu fulani, sehemu hiyo huwa yake, mradi awabakizie wenziwe ya kutosha na iliyo nzuri vilevile. Ni ajabu kidogo kwamba Locke huyu alipata kuwa katibu wa mabwana walioimiliki Carolina, na Berkeley na Carteret walikuwa miongoni mwa mabwana hao.

Sasa, ndugu msomaji, tuichukue mizani ya walowezi wenyewe tuwapimie. Ikiwa kukaa muda mrefu ni haki, nani aliyekaa zaidi kuliko Mlenape? Ikiwa kulima ni haki, Walenape walilima mahindi, maharage na maboga, wakaiacha ardhi ipumzike. Mgeni akaliona konde lililopumzishwa akaliita pori lisilo mwenyewe. Ikiwa kununua ni haki, yatupasa kuuliza muuzaji alidhani anauza nini. Kwa desturi ya Walenape, kupokea zawadi za mgeni kulikuwa ni kumkaribisha atumie ardhi pamoja nao, si kuikata na kumwachia milele. Wahenga wetu walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huko mgeni alikuja, na mwenyeji akahama. Walowezi waliutumia ununuzi wao kwa wenyeji kama ngao dhidi ya mabwana, na vita vilipotulia hawakukumbuka ngao hiyo ilitengenezwa na nani.

Tena yuko wa tatu ambaye hakuitwa barazani. Katika masharti yao ya kwanza, mabwana waliahidi kumwongezea mlowezi ardhi kwa kila mtumishi au mtumwa aliyekuja naye. Mtumwa Mwafrika alifyeka, alilima na kuvuna. Kama kweli jasho ndilo linalozaa haki, basi jasho lake lilimzalia nani? Lilimzalia bwana wake, ambaye pengine jioni alikwenda mkutanoni kulalamika kwamba mabwana wa Uingereza wanakula jasho lake.

Hatusemi kwamba malalamiko ya walowezi yalikuwa ya uongo. Yalikuwa ya kweli, na ujasiri wao ulikuwa wa kweli. Kasoro ni kwamba waliyatazama juu tu, kwa yule anayewadai, wala hawakuyatazama chini, kwa yule wanayemdai wao. Mwalimu Julius Nyerere, katika insha yake ya 1958 iitwayo Mali ya Taifa, aliliangalia swali hili kwa jicho jingine: jasho humpa mtu haki juu ya kazi aliyoitia katika ardhi, bali ardhi yenyewe, kwa kuwa hakuiumba, haiwi yake. Fikira hiyo humlazimu mkulima akumbuke kwamba jembe lake halifuti haki ya mwenzake.

Mwaka 1758 Walenape waliobaki New Jersey walitengewa ekari zipatazo 3,000, mahali palipoitwa Brotherton. Mnamo mwaka 1801 na 1802 ardhi hiyo nayo iliuzwa, na wakazi wake wakahamia New York. Mwaka 1832 mzee wao, Bartholomew Calvin, aliiomba serikali ya New Jersey fidia kwa haki za kuwinda na kuvua ambazo hawakuwa wameziuza, wakapewa dola 2,000. Baraza la mabwana wa New Jersey ya Mashariki, kwa upande wake, lilidumu na hati zake hadi lilipovunjwa mwaka 1998.

Hati huweza kuwa dhuluma iliyoandikwa vizuri. Na jasho, hata liwe jingi kiasi gani, huweza kumwagika juu ya haki ya mwingine. Kwa hiyo anayedai ardhi hana budi kujiuliza maswali mawili, si moja: Nani ananinyima? Na mimi, je, nimemnyima nani? Aliyejibu la kwanza akalikwepa la pili amejua uchungu wa kudhulumiwa, lakini bado hajaijua haki.