JUMANNE: Nzige wa Yohana

Soma Mathayo 3:4. Marko 1:6 na Mambo ya Walawi 11:21, 22. Yohana alikula nini kule nyikani?

Darasa linapofika kwenye mafungu haya, mara nyingi mtu husema kwamba wale hawakuwa wadudu, bali maganda ya mti uitwao kharubu. Maelezo hayo yanapendwa kwa kuwa yanapatana vizuri na ujumbe wa afya. Neno lenyewe, hata hivyo, linayakataa.

Nzige mmoja kwa Kiyunani ni akris. Mathayo aliandika akrides, yaani wengi. Marko, kwa kuwa kwake nzige ndio walioliwa, akaandika akridas. Kiyunani hubadili mwisho wa neno, ilhali Kiswahili huliacha jina lilivyo na kuonyesha wingi kwenye kitenzi: nzige ameruka, nzige wameruka. Maganda aliyoyatamani mwana mpotevu yana jina jingine kabisa, keratia (Luka 15:16). Tena, Agano la Kale la Kiyunani linaweka akrida, neno lile lile katika umoja, kwenye Walawi 11:22, miongoni mwa wadudu wenye miguu ya kurukia walioruhusiwa kuliwa. Ganda la mti halina miguu. Neno hilo linarudi katika Ufunuo 9:3, 7, na huko hakuna anayedai kwamba ni maganda.

Jambo hili si geni kwa wakazi wa uwanda wa kati. Nzige wekundu wana mazalio yao katika Bonde la Rukwa na mbuga za Wembere, upande wa Singida na Tabora, na katika miaka ya 1930 makundi ya nzige yaliivamia Tanganyika. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Mtama na uwele vikiliwa mwezi Machi, hakuna kupanda tena. Familia iliyokaanga nzige kwa sababu ghala lilikuwa tupu haikuvunja torati. Mwalimu anayetangaza mbele ya mzee aliyelelewa hivyo kwamba nabii asingeweza kamwe kugusa chakula cha namna hiyo, anamtwika aibu ambayo Maandiko hayakumtwika.

Chakula cha Edeni (Mwanzo 1:29) kina msingi wake chenyewe. Hakihitaji kuegemezwa kwenye neno lililopindwa.

Jadilini: Ni fundisho gani jingine la kweli ambalo darasa lenu hulitetea kwa fungu lisilolihusu? Mtamsahihishaje mwalimu pasipo kumwaibisha?