Je, Mwalimu Aweza Kulea Bila Fimbo?



Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, lilikuwapo swali moja ambalo halikukosa kuulizwa kila mwaka. Kijana aliyetoka katika mazoezi ya kufundisha husimama nyuma ya darasa na kusema, "Mkufunzi, haya ya saikolojia tumeyasikia. Lakini bila fimbo, watoto watatii?" Darasa zima hucheka, kisha hunyamaza kungoja jibu. Nami nilikuwa na jibu langu la kitabuni, ambalo sikuliamini sana, maana mimi mwenyewe nilipata kuchapa, tena si kidogo.

Sasa nimestaafu, nina nafasi ya kulifikiri swali lile bila kutazama saa. Msishangae nikienda kutafuta msaada kwa jirani. Katika Wilaya ya Shinyanga, huko Didia, iko shule ya sekondari ya Kikatoliki iliyo chini ya watawa Wasalesiani wa Don Bosco. Sisi Waanglikana tuna yetu ya kusema juu ya watakatifu na heshima wanayopewa, lakini leo naomba tuyaweke kando. Nazungumza juu ya ualimu.

Kwanza historia kidogo. Jimbo Katoliki la Shinyanga liliundwa mwaka 1956, na askofu wake wa kwanza alikuwa Edward McGurkin, mmisionari wa Maryknoll kutoka Marekani. Zama zile shule nyingi za nchi yetu zilikuwa mikononi mwa makanisa, lao na letu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia mikononi mwa Serikali, isipokuwa seminari. Minaki yetu ikaenda. Na St Mary's ya Tabora, alikofundisha Mwalimu Nyerere alipotoka Makerere, ikawa Milambo. Wengine walisikitika, wengine walifurahi kwa kuwa sasa mtoto wa dini yoyote aliweza kuingia bila kuulizwa cheti cha ubatizo. Baadaye makanisa yaliporudi kujenga sekondari, hayakuweza tena kusema kwamba yanajenga kwa sababu ndiyo desturi. Ilibidi yajiulize shule ya kanisa ni ya nini hasa. Wasalesiani walifika Tanzania mwaka 1980, nao walikuja na jibu lao tayari.

Jibu hilo ni la zamani. Yohane Bosco alizaliwa mwaka 1815 kijijini, kaskazini mwa Italia. Babaye alikufa yeye akiwa hajatimiza miaka miwili, na mamaye Margherita ndiye aliyewalea watoto kwa jasho la shamba. Mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka kama tisa aliota ndoto: yumo katikati ya watoto wanaogombana na kutukana, naye akawarukia kwa ngumi ili wanyamaze. Mtu mmoja akamzuia, akamwambia kwamba hao atawapata kwa upole na upendo, wala si kwa mapigo. Naipenda ndoto hii kwa sababu inaonyesha kwamba hata yeye alianza na ngumi.

Alipopewa upadre mwaka 1841, akakaa katika mji wa Turin. Mji ulikuwa ukikua, na vijana wa mashambani walimiminika humo kubeba matofali na kusafisha dohani za moshi. Walilala popote na kula chochote, na baadhi yao waliishia gerezani, naye aliwatembelea humo. Msomaji wa Geita au Kahama hahitaji kuelezwa zaidi. Weka Nyarugusu mahali pa Turin, weka duara mahali pa jengo, na zebaki mahali pa masizi. Jambo lililomchoma gerezani ni kwamba vijana wale walitoka kisha wakarudi, kwa kuwa huko nje hapakuwa na mtu aliyewangoja.

Basi akawakusanya, akacheza nao, akawafundisha, akawatafutia kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 akaanza kuweka mikataba na mafundi waliowachukua: fundi amrekebishe kijana kwa maneno, si kwa kipigo, siku kuu ampumzishe, asimtume kazi zisizo za ufundi anaojifunza. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 170 iliyopita, na sijui ni wenye maduara wangapi kwetu ambao wangekubali kuyatia sahihi leo.

Mwaka 1877 aliandika maelezo mafupi ya njia yake. Alisema ziko namna mbili za kulea. Ya kwanza hutangaza sheria, kisha mkubwa hukaa mbali akivizia mkosaji apate kumwadhibu. Ya pili hutangaza sheria vilevile, kisha mlezi hukaa pamoja na vijana, darasani na uwanjani, hata kukosa kukawa kugumu kwao. Nguzo zake ni tatu: kueleza sababu, dini, na upendo. Na katika barua aliyoandika kutoka Roma mwaka 1884 alisikitika kwamba walezi wa nyumba yake wameacha kuwapo kwenye michezo ya vijana. Alisema kumpenda kijana hakutoshi; yampasa kijana mwenyewe aone kwamba anapendwa.

Hapo ndipo ninapomkumbuka mtoto mmoja. Ilikuwa mwaka 1988, katika shule ya msingi upande wa Geita. Shule yenyewe siitaji. Alikuwa darasa la sita, hodari wa hesabu, na kila Jumatatu alichelewa au hakuja kabisa. Nilimchapa Jumatatu nne mfululizo. Sikumwuliza kitu. Hapana, nasema uongo: nilimwuliza kwa nini umechelewa, lakini kwa ile sauti ambayo mtoto anajua kwamba haitaki jibu. Jumatatu ya tano hakuja, wala hakuja tena. Mwenzake ndiye aliyeniambia kwamba baba yake yuko kitandani anaugua kifua, na mtoto yule hushinda machimboni Jumamosi na Jumapili akiponda mawe na kuosha udongo ili nyumbani wapate unga. Usiku wa Jumapili alirudi kwa miguu. Kwao na shuleni ulikuwa mwendo wa nusu saa tu, nami sikuwahi kufika.

Je, viboko vyangu ndivyo vilivyomtoa shule? Labda shida ingemtoa hata hivyo. Nimejitetea hivyo miaka mingi. Lakini nikiyafikiri maneno ya Don Bosco naona kosa langu lilianza kabla ya kiboko cha kwanza. Ningeweza kutomchapa hata kimoja na bado nisijue habari zake. Fimbo ilinifaa kwa jambo moja: ilinifanya nijione nimekwisha kufanya kazi yangu, hivyo sikuwa na haja ya kuuliza.

Kanuni za mwaka 2002 ziliweka masharti: viboko visizidi vinne, mwalimu mkuu achape mwenyewe au amteue mwalimu kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Niliwafundisha vijana wa chuo mambo hayo mpaka wakayakariri. Hata hivyo, Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi huko Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na mahakama ikamtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji. Kitabu cha adhabu hakikumsaidia yule mtoto.

Najua yuko ndugu atakayenifungulia Mithali 13:24. Siikatai. Lakini hapa Usukumani twaijua fimbo vizuri, maana ni ya mchunga ng'ombe. Yeye yuko na kundi tangu alfajiri. Humgeuza ng'ombe kwa kumgusa, hupiga nyasi, humfukuza fisi. Mtu aliyelala nyumbani mchana kutwa, akatoka jioni kuwacharaza ng'ombe kwa kuwa wameingia shamba la watu, huyo hatumwiti mchungaji, hata fimbo yake iwe ndefu namna gani.

Basi tuige tu? Si rahisi hivyo, na sitaki kuwadanganya waalimu vijana. Mtawa hana mke wala watoto wanaomngoja. Mwalimu wetu ana shamba, ana mgonjwa, ana deni dukani. Shule ya bweni inayolipiwa ada huchagua wanafunzi wake. Shule ya kata hupokea wote. Na mtoto wa machimboni, ambaye Don Bosco angeanza naye, mara nyingi ndiye asiye na ada hiyo. Nadhani Wasalesiani wenyewe wanalijua swali hili na linawachoma. Wala sisemi kwamba kila anayefundisha chini ya jina la Don Bosco anafuata njia yake. Sisi nasi tuna majina makubwa juu ya milango yetu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilisimulia darasani, kwa mara ya kwanza, habari za yule mtoto wa Geita. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi mazoezini nilipewa darasa la watoto 112. Nitakaa nao saa ngapi?" Nikamwambia aanze na majina. Akajibu kwa adabu kwamba majina aliyajua yote kufikia wiki ya tatu. Alichotaka kujua ni afanye nini na habari alizozipata, kwa sababu watoto saba katika hao walikuwa wakienda machimboni, naye hakujua amwambie nani.

Sikuwa na jibu. Shule ile haikuwa mbali na chuo, kwa hiyo wiki iliyofuata tulikwenda pamoja kwa mratibu elimu kata, tukiwa na majina saba kwenye karatasi, kisha tukaanza kuzitafuta nyumba zao moja moja. Wawili walikuwa wamerudi darasani kabla sijastaafu.