Uvumilivu na Adabu ya Kusema "Naumwa"

Je, kunyamaza katika maumivu ni sehemu ya utu wetu, au ni mazoea tu tuliyoyavika vazi la utu? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Lawahusu wazee wetu wa Ufipa wanaougua saratani, ambao huenda wakalazimika kusafiri kutoka Sumbawanga hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300, au hata hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000.

Mzee afikapo huko huwa mgeni mara mbili: mgeni wa mji na mgeni wa lugha, kwani mwili wake amezoea kuueleza kwa Kifipa. Muuguzi humwuliza: "Mzee wangu, maumivu ni kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi?" Naye hujibu: "Sijambo, mwanangu, namshukuru Mungu." Hakukusudia kudanganya. Ametimiza adabu, maana mgeni hamlemei mwenyeji, wala mzazi hawatishi wanawe. Lakini daftarini huandikwa kwamba haumwi, na dawa haitolewi.

Hatusemi kwamba uvumilivu ni kasoro. Wahenga walisema: Mvumilivu hula mbivu. Wahenga hao hao walisema pia: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hizi hazipingani. Ya kwanza yahusu taabu yenye matunda, ya pili taabu isiyozaa kitu. Mkulima wa Ufipa aijua tofauti hiyo. Hufukia majani katika matuta yake ya ntumba, yakaoza, yakarutubisha ardhi. Maumivu ya saratani yakifukiwa moyoni hayarutubishi chochote. Huondoa usingizi, hamu ya chakula, na hata mazungumzo na wajukuu.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba dawa inywewe kwa saa zake bila kungoja maumivu yarejee, na nguvu yake ilingane na ukali wa maumivu, hata kufikia mofini. Mwaka 2004 jirani zetu wa Uganda waliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa mofini. Wengi huiogopa, wakidhani ni dawa ya kuagia dunia au mlango wa ulevi. Hapana budi waelezwe kwamba mofini inayotolewa kwa kipimo na uangalizi wa mganga huwapa wengi nafuu ya kuendelea kuishi, na kwamba kufunga choo, ambayo ni tabu yake ijulikanayo, kuna dawa yake.

Basi mafunzo hayo yaanzie kwenye adabu ya mgonjwa mwenyewe. Aelezwe kwamba kumwambia mganga ukweli ni kumsaidia kazi yake. Aulizwe: "Usiku umelalaje? Umeweza kuinama?" Mahali pa tarakimu atumie vidole vya mkono mmoja, kama ifanywavyo katika baadhi ya vituo vya Afrika: ngumi ni kutoumwa, vidole vitano ni maumivu makali kupita yote. Mkalimani wa Kifipa naye awepo, lakini asiwe mjukuu ambaye mzee atamficha kwa huruma.

Vijana wa sekondari, baadhi yenu mtakuwa wauguzi na waganga. Mgonjwa amekwisha kutimiza sehemu yake ya kuvumilia. Iliyobaki ni yetu: kuuliza vizuri, na kulingoja jibu.