Nani Humpigia Makofi Anayegeuza?

Ukiwa Kitengela asubuhi ya Julai, tazama magharibi: Milima ya Ngong haipo. Ukungu umeimeza. Saa nne hivi inarudi. Kwa rubani wa ndege ndogo anayeruka kwa kutegemea macho, shida ni kwamba haikuwa imeenda popote.

Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kiliwarusha marubani 20 wasiozoea kuruka kwa vyombo, wakiwa wamezuiwa kuona nje. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Sikio la ndani hudanganya: ndege inapinda, nawe unahisi imenyooka. Lakini lengo la jaribio lilikuwa kuwafundisha kugeuka nyuzi 180 na kurudi walikotoka. Yaani kurudi ni ujuzi, unafundishwa.

Sasa mbona watu wanaoujua hawautumii? Nadhani jibu mara nyingi limekaa kiti cha nyuma.

Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi iliyobeba wabunge kwenda mkutano wa amani iligonga kilima Marsabit, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 14 kati ya 17 walikufa. Juni 5, 2018, Cessna iliyotoka Kitale iligonga Aberdare; wote 10 waliangamia. Sisemi kuna aliyemsukuma rubani. Nasema kuhusu sisi abiria, ambao hata kwa matatu ya Namanga Road tunapiga kelele, "dere, kanyaga!" Kisheria rubani ndiye mwenye neno la mwisho. Sawa. Lakini mheshimiwa akitazama saa yake tu, bila kusema kitu, hilo neno la mwisho tayari lina bei. Aliyeipandisha hawezi kusema uamuzi haukuwa wake.

Utaniambia abiria hajui hewa. Kweli, ndiyo maana haraka yake isihesabiwe.

Na anayegeuza hapati ushahidi kamwe. Anatua Wilson, saa moja baadaye anga ni safi, mwenzake ameshafika. Anaonekana mwoga. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na kila Krismasi kuna mjomba anayeuliza nilishindwa na nini. Sina ajali ya kumwonyesha.

Kwa hivyo anayekodi ndege amwambie rubani kabla injini haijawashwa: ukigeuza, pesa yako iko palepale, na sitauliza kwa nini. Mkishaingia kwenye wingu, maneno hayo yamechelewa.