Njia Sahihi ya Kupiga Gitaa

Chuoni tulifundishwa kwamba kila kazi ina njia yake sahihi, na mwalimu ndiye mlinzi wa njia hiyo. Kanuni hiyo ina ukweli ndani yake, lakini gitaa huitia mashakani.

Katika mafunzo rasmi ya Ulaya, mkono wa kulia hutumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na cha pete. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi, alitumia gumba na cha shahada tu. Gumba lilishika besi, kidole cha shahada kikaimba juu yake. Msikilizaji angedhani wapo wapigaji wawili. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi naye alipiga omutibo kwa vidole viwili hivyo.

Je, mwalimu ana haki ya kumwambia kijana apigaye hivyo kwamba amekosea? Naona hana. Kosa ni lile liharibulo kazi: nyuzi zinazokwaruza, mapigo yanayoyumba. Hayo ayakemee, maana kuyasifu ni kumdanganya mtoto. Lakini desturi ya watu fulani si sheria ya maumbile. Atakaye muziki wa Ulaya hana budi kuvifunza vidole vinne. Atakaye omutibo avifunze viwili, na kazi hiyo si nyepesi hata kidogo. Kila mtindo una nidhamu yake.

Basi, kabla ya kuusahihisha mkono wa mwanafunzi, na tusikilize kwanza unatoa nini.