Uso Uliofichwa

Hapa Kalenga limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954. Gavana Twining alilichagua huko Bremen kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa zake, maana fuvu halisemi jina lake. Nasi twaona watu walio hai, wenye uso na jina la ubatizo, wakijivika jina la bandia mtandaoni wapate kumtukana jirani. Sheria ya mwaka 2015 yakataza kujifanya mtu mwingine, haiponyi moyo. Twakubali, hata katika kitubio uso hufichika. Lakini pale mtu husema makosa yake mwenyewe. Huku husema ya mwenzake. Naye aliyetukanwa, akitaka kusamehe, atamsamehe nani?