Mimi ni Nani?



Jioni, magari ya abiria yatokayo katikati ya jiji la Dar es Salaam na kupanda vilima vya Pugu huwa yamejaa watu waliosimama bega kwa bega. Hata hivyo, yawezekana katika msongamano huo mna mtu asiyejiona kuwa pamoja na yeyote. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Lakini wingi wa watu haumwondolei mtu upweke wa nafsi.

Kijana mmoja aishiye huko alinijia baada ya sala ya Isha, akasema: "Sheikh, nyumbani kwetu bara nimekuwa mgeni kwa sababu ya imani niliyoipokea. Hapa mjini sina anijuaye. Na msikitini bado najiona mgeni. Basi mimi ni nani?" Swali hilo si dogo, wala si la kijana huyo peke yake. Mimi mwenyewe niliporejea kutoka masomo ya dini ng'ambo, nilikaa barazani kwa baba yangu kama mpita njia, nikiyasikia maneno yote bila kuona mahali pangu katika mazungumzo.

Wengi hulijibu swali hili kwa kutaja kabila, cheo au kazi. Majibu hayo yana faida yake, bali hayatoshi, kwa kuwa mambo hayo huweza kumwondokea mtu siku moja. Tazama yaliyotokea Pugu penyewe. Julius Nyerere, baada ya kurudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, alifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu. Mwaka 1954 akawa rais wa chama kipya cha TANU, na mwaka 1955 ikamlazimu kuchagua baina ya ualimu na siasa. Akaiacha kazi pamoja na mshahara wake. Kama nafsi ya mtu ingalikuwa ndani ya kazi yake, siku ile angaliipoteza. Lakini watu waliendelea kumwita Mwalimu hata alipofariki mwaka 1999, miaka 44 tangu alipotoka darasani. Kazi ilikwisha, wajibu alioubeba kwa ajili ya watu ulibaki, na jina likabaki pamoja nao.

Wengine hulijibu swali kwa kujitenga. Hufunga mlango, wakaitazama nafsi usiku na mchana, nayo ikazidi kuwatatiza. Ni kweli kwamba Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. naye alijitenga na mambo ya Makka, akakaa katika pango la Hira. Lakini hakukaa huko daima. Wahyi ulipomshukia alirudi nyumbani akitetemeka, akamweleza mkewe, Bibi Khadija r.a., kwamba anaihofia nafsi yake. Je, Bibi Khadija alimjibu nini? Hakumtajia ukoo wake wala mali. Alimkumbusha kwamba yeye huunga udugu, huwabebea wanyonge mizigo yao na huwakirimu wageni, na kwamba Mungu hatamtupa mtu wa namna hiyo. Litafakari sana jibu hilo, ndugu yangu. Aliyetikisika alionyeshwa yeye ni nani kwa kukumbushwa wale waliomwegemea.

Qurani Tukufu inataja hali tatu za nafsi: ile iamrishayo maovu, ile ijilaumuyo, na ile iliyotulia. Huenda kutotulia kwako ni sauti ya nafsi ya pili. Usikuonee haya, maana nafsi iliyolala haijiulizi kitu. Lakini usifanye makao hapo, kwani hapo ni njiani. Na ikiwa huzuni imekunyima usingizi na chakula kwa siku nyingi, mwendee tabibu pia. Kutafuta dawa si upungufu wa imani.

Basi nilimwambia yule kijana: Usingoje kwanza ujijue ndipo uanze kutenda. Mpigie simu mama yako kila Ijumaa, hata akikujibu kwa maneno machache. Mjue jirani yako kwa jina, na akiugua nenda ukamtazame. Usiku sali rakaa mbili ukiwa peke yako, na umwambie Mola wako, kwa lugha ya mama yako, maneno yale yale uliyoniambia mimi. Anayetimiza haki za Mungu na haki za waja Wake hujikuta amekwisha kuwa mtu fulani, kabla hata hajamaliza kuuliza.

Sikumwahidi kwamba wazee wake watampokea upesi. Miezi kadhaa ilipita, akaniletea habari: mama yake hakuzungumza neno juu ya dini, bali alimwuliza atafika lini kusaidia mavuno.

Nikamwambia: "Nenda, mwanangu. Usichelewe."

Mwenyezi Mungu awajaalie utulivu wote wanaotafuta. Amin.